Mianga ya kaskazini: ukaitafute pwani au bara?

Mtu akitaka nimshauri pa kwenda kuona mianga ya kaskazini, zile taa za rangi zinazocheza angani usiku karibu na ncha ya dunia, huanza na majina ya nchi. Norwei au Aislandi? Ufini au Kanada? Mimi humrudishia maswali mawili ya aina nyingine: unastahimili baridi kiasi gani, na utalala huko siku ngapi? Akishanijibu hayo, nchi hujichagua yenyewe.

Huko kaskazini mianga yenyewe si kitu adimu. Jua linapuliza chembe zenye umeme usiku na mchana. Sumaku ya dunia inazinasa na kuzisukuma kuelekea ncha, zinagonga oksijeni na naitrojeni zilizo juu sana angani, na gesi hizo zinawaka. Kijani kinachoonekana mara nyingi hutoka kwenye oksijeni iliyo kilomita 100 hadi 150 kutoka ardhini. Wekundu hutoka kwenye oksijeni hiyohiyo ikiwa juu zaidi, kilomita 200 kwenda mbele. Mahali chembe zinapomiminika kwa wingi pana umbo la pete iliyoizunguka ncha ya sumaku, na pete hiyo ipo hata siku ambazo jua limetulia.

Chini ya pete hiyo kuna Tromsø (Norwei), Abisko (Uswidi), Inari (Ufini), Fairbanks (Alaska), Yellowknife (Kanada) na Aislandi karibu yote. Kwa upande wa mianga, basi, sehemu hizi hazipishani sana. Zinapishana kwenye mawingu. Mianga inacheza kilomita 100 juu, mawingu yako kilomita mbili tatu juu ya kofia yako, na blanketi moja la mawingu linatosha kuficha onyesho zima. Ndiyo maana mimi nagawa safari hizi katika mafungu mawili tu: za pwani na za bara.

Tromsø na Abisko: jirani wasiofanana

Mfano mzuri kuliko yote ni huu. Tromsø, Norwei, iko kisiwani, nyuzi 69 na nusu hivi kaskazini mwa ikweta. Abisko, Uswidi, iko karibu moja kwa moja kusini yake, kama kilomita 150 angani. Kunguru angeruka asubuhi na kufika kabla ya jioni. Lakini Tromsø inapata mvua na theluji ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka, Abisko inapata 300 na kidogo. Katikati yao kuna milima. Upepo wa magharibi unatoka baharini umebeba maji, unapandishwa na milima, unaumwaga mzigo wake upande wa Norwei, na ukishuka upande wa pili umekauka. Juu ya ziwa Torneträsk, lililo kando ya Abisko, mara nyingi hubaki tundu la anga safi hata pande zote zikiwa zimefunga.

Bahari hiyohiyo inayoleta mawingu ndiyo inayoleta joto. Januari Tromsø wastani wake ni kama nyuzi 4 chini ya sifuri, kitu cha kushangaza kwa mji ulio kaskazini hivyo. Mtu aliyezoea jua kali anaweza kusimama nje saa mbili akiwa amevaa vizuri. Abisko si baya sana, lakini nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri ni hali ya kawaida, na unazihisi puani: pumzi ya kwanza ukitoka nje, vinyweleo vya pua vinashikana.

Tromsø ni mji hasa. Uwanja wa ndege uko dakika chache kutoka katikati, kuna hoteli za kila kiwango, migahawa, makumbusho, safari za kuwaona nyangumi wakati wa majira yao. Wingu likitanda, hutakosa la kufanya. Abisko ni kijiji: kituo cha treni, duka, nyumba za wageni, hifadhi ya taifa, na kiti cha kamba kinachokupandisha mlima Nuolja, hadi mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako taa za kijiji hazikufikii. Ukichoka kutazama theluji umeishiwa shughuli. Kufika nako ni safari: ama unaruka hadi Kiruna na kuendelea kwa barabara kama kilomita 95, ama unapanda treni ya usiku kutoka Stockholm na kulala humo.

Niliwahi kuipa Tromsø usiku tatu za Desemba. Wa kwanza theluji ilianguka bila kupumua. Wa pili tulipelekwa na basi kubwa hadi uwanja mmoja nje ya mji, tukasimama watu hamsini tukiangalia rangi ya kijivu, tukapewa chokoleti ya moto, tukarudishwa. Wa tatu nilibadilisha, nikachukua gari dogo la watu wanane. Dereva wake hakuwa na kituo maalumu. Alikuwa na ramani ya mawingu kwenye simu, na aliendesha kuelekea bara hadi Skibotn, karibu na mpaka wa Ufini, sehemu inayosifika kwa ukavu. Saa tano usiku alisimamisha gari, akatwambia tushuke. Niliona utepe mweupe-mweupe juu ya mlima, nikamwambia lile ni wingu. Akaniambia nilipige picha. Kwenye skrini ya simu lile wingu lilikuwa kijani kama jani la mgomba.

Machi nyingine nikaenda Abisko usiku nne. Tatu zilikuwa wazi. Sisemi kila mtu atapata tatu kati ya nne, lakini tofauti ile niliipata bila kukodi gari wala kumlipa mwongozaji. Nilivaa, nikavuka barabara, nikasimama juu ya ziwa lililoganda.

Aislandi

Aislandi ni pwani tupu, kisiwa kilichokaa katikati ya njia ya dhoruba za Atlantiki. Joto lake la Januari mjini Reykjavík huzungukia sifuri, na mandhari yake hayana mpinzani: maporomoko ya maji, fukwe nyeusi, vipande vya barafu vinavyoelea. Mianga ikitokea juu ya vitu hivyo unapata picha ambayo Abisko haiwezi kukupa. Ila mawingu yanabadilika kila baada ya saa, na asiyekodi gari amejifunga miguu.

Anayekodi gari asome masharti ya bima kwa makini kuhusu upepo. Mlango unaofunguliwa kwa pupa kule hung'oka bawaba, na hasara hiyo mara nyingi ni ya aliyekodi. Barabara nazo hufungwa dhoruba ikija. Idara ya hali ya hewa ya Aislandi inachora ramani ya mawingu ya saa kwa saa, maeneo meupe yakiwa ndiyo anga wazi; wenyeji na wageni wanaofanikiwa ni wale wanaoisoma ramani hiyo kabla ya kushika funguo. Mimi ningeenda Aislandi kwa ajili ya Aislandi, halafu mianga nikaihesabu kama bahati.

Kanada na Alaska: bara lenyewe

Hapa ndipo ramani inapodanganya. Yellowknife iko nyuzi 62 na nusu kaskazini, kusini kabisa ukilinganisha na Tromsø. Mtu anatazama namba hizo anadhani ataona kidogo. Lakini ncha ya sumaku haiko pamoja na ncha ya kijiografia. Imeinama upande wa Amerika Kaskazini, na pete ya mianga imeinama nayo. Yellowknife imekaa chini ya pete sawasawa. Fairbanks, Alaska, pia.

Zote mbili ziko mbali na bahari wazi, na majira ya baridi anga lake hukauka likawa jeusi, nyota zimejaa. Bei ya anga hilo ni baridi. Januari wastani wa Fairbanks ni kama nyuzi 22 chini ya sifuri, na Yellowknife ni kama 25. Huo ni wastani. Kuna usiku unaoshuka hadi 40. Kwenye nyuzi 40 koti ulilonunua kwa ajili ya Ulaya halitoshi, na huko Yellowknife wageni wengi hukodi mavazi mazito palepale pamoja na viatu, jambo ambalo ni la busara kuliko kununua kitu utakachokivaa mara moja maishani. Betri ya simu inakufa kabla hujafikiria. Fairbanks ina faraja yake: chemchemi za maji moto za Chena, safari ya gari ya saa moja na nusu hivi kutoka mjini, ambako mwili unakuwa kwenye maji moto huku nywele zikiganda kichwani.

Yellowknife ina siri nyingine ambayo wengi huipita. Msimu wake huanza mwishoni mwa Agosti, giza linaporudi, na maziwa hayajaganda. Septemba unasimama kando ya maji na jaketi la kawaida, mianga iko juu na iko chini pia, ikitikisika majini. Novemba siipendekezi: ziwa kubwa lililo jirani, Great Slave Lake, huwa bado linapoteza joto lake na kutengeneza mawingu.

Ufini na Svalbard

Ufini iko kati kwa kati. Rovaniemi, kwenye Mzingo wa Aktiki, ni rahisi kufika na watoto wanaipenda, lakini kwa mianga panda zaidi hadi Inari au Kilpisjärvi. Vile vyumba vya paa la kioo vinavyojaa kwenye matangazo ni vizuri kulala, sivyo vizuri kutazamia: kioo kinaingia ukungu, kinarudisha mwanga wa ndani, na kinakuonyesha kipande cha anga badala ya anga. Pesa hizo nunua nazo usiku mbili zaidi kwenye chumba cha kawaida.

Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo nyuzi 78 kaskazini, huwavuta wanaodhani kaskazini zaidi ni bora zaidi. Si hivyo, imepita pete ya mianga kwa upande wa juu. Cha pekee walichonacho ni giza la mchana: kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Januari unaweza kuona mianga saa sita mchana. Tena iko nje ya eneo la Schengen (nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja), kwa hiyo anayehitaji viza achukue ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo hatarudi Norwei. Norwei bara, Uswidi, Ufini na Aislandi unazimaliza zote kwa viza moja.

Desemba au Machi?

Watu wengi wanasema Desemba, kwa sababu ya giza. Tromsø jua halichomozi kabisa kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari, na hiyo inasikika kama nyongeza kubwa. Lakini huhitaji saa 20 za giza. Unahitaji saa sita hivi za jioni hadi baada ya usiku wa manane, na Machi inazo. Zaidi ya hapo, karibu na siku ambazo mchana na usiku hulingana, Septemba na Machi, uga wa sumaku wa dunia unakaa katika mwelekeo unaopokea upepo wa jua, yaani zile chembe linazopuliza, kwa urahisi, na dhoruba za sumaku zinazoleta mianga mikali huwa nyingi. Machi pia ina mchana wa kutosha kwa sleji za mbwa au kutembea, na baridi imeanza kulegea. Kwangu Machi inashinda bara, na Septemba inashinda kwa mtu anayeogopa baridi. Mei hadi Julai usiende popote kule. Jua halizami, au likizama halileti giza.

Mwezi nao watu hubishania. Mbalamwezi hufuta mianga hafifu, ni kweli. Lakini mianga yenye nguvu haijali mwezi, na theluji iliyomulikwa inakupa mahali pa kukanyaga na mlima wa kuweka kwenye picha. Nikichagua nachukua mwezi wa nusu.

Kuna wanaoniuliza kama wamechelewa, kwa kuwa mzunguko wa jua wa miaka 11, wa machafuko yake kupanda na kushuka, ulitangazwa kufika kileleni Oktoba 2024. Anayekwenda chini ya pete hana haja ya kilele. Kilele kinawasaidia zaidi walio mbali na ncha, kama ilivyokuwa usiku wa 10 Mei 2024, watu walipoiona hadi Mexico. Kungoja usiku wa namna hiyo nyumbani ni njia mojawapo, haina nauli, ila unaweza kungoja miaka 20.

Namba za utabiri

Kila programu ya simu itakuonyesha kipimo cha Kp, cha jinsi uga wa sumaku wa dunia unavyotikisika, 0 hadi 9. Wageni huitazama kama matokeo ya mechi. Ukiwa Abisko au Yellowknife, Kp ya 2 inatosha kabisa. Nimeona mengi kwenye Kp 2 yenye anga wazi kuliko kwenye Kp 5 yenye mawingu. Tena ni kipimo cha saa tatu tatu, wakati mianga inalipuka na kutulia ndani ya dakika kumi. Kinachopima upepo wa jua kwa uhakika ni vyombo vilivyo kilomita milioni 1.5 kutoka duniani kuelekea jua, na kutoka pale hadi hapa chembe zinachukua kati ya robo saa na saa moja. Zaidi ya hapo ni makadirio. Utabiri wa mawingu wa kesho ndio wa kuuamini kwanza.

Kitu kimoja cha siku za mbele kina maana: jua linajizungusha kwa siku 27 hivi likitazamwa kutoka kwetu, na tundu la jua linalotoa upepo mkali, likituelekea leo, mara nyingi hurudi baada ya muda huo. Ukisikia usiku ulikuwa mzuri tarehe fulani, ongeza 27 kwenye kalenda kabla ya kukata tiketi.

Jicho au kamera

Hapa wengi huvunjika moyo. Picha zote walizoziona ni za kamera iliyofungua jicho kwa sekunde tatu, tano, kumi. Jicho la mtu gizani hutumia seli zisizotambua rangi, ndiyo maana mianga hafifu huonekana kama moshi wa kijivu. Ikipata nguvu kijani kinakuja, na ikilipuka utaona ukingo wa waridi chini yake bila msaada wowote.

Lakini kamera nayo inaibiwa. Inaunganisha sekunde kumi za mwendo kuwa doa moja la rangi. Usiku ule wa pili Abisko utepe uliokuwa umelala saa nzima juu ya ziwa ulikatika katikati, ukaanza kukimbia kutoka mashariki kwenda magharibi kama pazia lililopigwa na upepo, miale ikishuka na kupanda, na jirani yangu aliyekuwa akihangaika na stendi yake ya kamera alivua glavu moja akaisahau kwenye theluji. Ilichukua dakika nne. Picha zangu za dakika hizo ni ukungu wa kijani. Nilichokiona hakimo.

Kwa hiyo: piga chache mwanzoni, kisha weka simu mfuko wa ndani, karibu na mwili, betri ipate joto. Ukirudi ndani, kamera ifungie ndani ya mfuko wa plastiki kabla hujaingia mlangoni, umande ushike nje ya mfuko badala ya kwenye lenzi.

Ningekuwa mimi nachagua

Mwenye usiku tatu tu, asiyependa baridi, na anayesafiri na watu wasiojali sana mianga, aende Tromsø, lakini atenge pesa za gari dogo linalofuata anga wazi, usiku mbili kati ya hizo tatu. Basi kubwa liache. Tuseme kila usiku una nafasi moja kati ya tatu: usiku tatu bado zinakuacha na karibu asilimia 30 za kuondoka mikono mitupu. Tano zinashusha hadi 13. Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya nipunguze hoteli ili niongeze siku.

Mwenye usiku tano na moyo wa kukaa kimya, Abisko, Machi. Mwenye wiki, viza ya Kanada na hamu ya maji yasiyoganda, Yellowknife, Septemba. Fairbanks nampa anayetaka uhakika wa anga bila kulala kijijini. Na anayeruka usiku kutoka Amerika Kaskazini kwenda Ulaya kwa shughuli zake nyingine kabisa, achukue kiti cha dirishani upande wa kushoto, unaotazama kaskazini, azime taa ya kusomea, ajifunike koti kichwani hadi kwenye kioo.